Siku Dada Alipojibu Swali la Damu

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, dada yangu alifumua nguo zote za wateja.

Alikuwa fundi cherehani pale Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, katika mtaa wetu wa Waislamu nyuma ya soko, na kila Idi ilipokaribia kibaraza chetu kilijaa vitenge vya watu hadi mama akakosa mahali pa kukandia unga wa sambusa. Dada alikuwa na jicho. Mwanamke akisimama mbele yake, alimtazama mabega, akamtazama kiuno, akachukua mkasi. Gauni likitoka pale lilimkaa mtu kama alizaliwa nalo. Baba, aliyeuza vitenge vilivyoingia kwa njia ya Kobero, mpakani na Tanzania, alikuwa akisema kitambaa chake ni kitambaa tu mpaka kipite mikononi mwa binti yake.

Mimi ni mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi, kwa chaki bapa ya mafundi, kwenye sakafu ya saruji, kabla sijapelekwa shule. Nikikosea alifuta kwa kisigino na kuandika upya, hakunikemea. Leo mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari huko Gitega, na nikishika chaki mbele ya darasa najua mkono huu ulishikwa na nani kwanza.

Asubuhi ile sikuwepo. Nasimulia kama mama alivyonisimulia. Alimkuta dada amekaa mkekani, ametulia kabisa, amezungukwa na vipande: mikono huku, migongo kule, kola zimepangwa kama sahani. Nyuzi alikuwa amezitenga kwa rangi, vifungu vidogo vidogo.

"Mwanangu, we uko nafanya nini?" mama akauliza.

"Wameweka maneno ndani ya mishono, mama. Mi niko nayatoa."

"Nani ameweka?"

"Wale wanawake wawili. Hawanyamazi."

Hapakuwa na wanawake wawili. Baadaye dada alitueleza kwamba walikuwa wamekaa naye miezi kadhaa, mmoja sauti nene, mwingine sauti ya kukwaruza, wakijadili kila alichofanya: ameshona vibaya, ameinuka, anakunywa maji, watu wanamjua sasa. Alikuwa amelala kidogo sana. Cherehani yenyewe alikuwa ameifungua skrubu moja moja akitafuta mahali sauti inapotokea. Sisi tuliona amekonda, amekuwa mkimya, tukasema ni kazi ya Idi.

Mama hakupiga kelele. Aliketi mkekani kando yake, akaanza kukusanya vipande vya kila gauni na kuvifunga kwa ukanda wa kitambaa chake chenyewe, ili kila mtu apate kilicho chake. Wateja walipokuja, wengine walinung'unika, lakini wengi walipomwona dada walipokea furushi na kuinamisha kichwa. Bibi mmoja alikataa furushi lake. Akasema, "Wacha ikae hapa. Atanishonea akipona."

Jirani walisema ni jini. Baba akamwita shehe wa msikiti wetu, mtu mpole aliyetusomesha Kurani sisi sote. Alimsomea dada jioni kadhaa. Kisha akamwita baba pembeni akamwambia, "Kusoma nitaendelea kusoma. Lakini binti umpeleke Gitega, kwa waganga wa akili. Dua na dawa havigombani." Namheshimu shehe yule mpaka leo kwa neno lile. Angeweza kulishika tatizo letu akalifanya lake.

Petroli ilikuwa imeadimika wakati huo, kama inavyoadimika mara kwa mara siku hizi, na magari ya abiria yalikuwa yamelala kwenye vituo. Baba akapata lori la maharage linalopita Karuzi kwenda Gitega. Walisafiri wote watatu, mama mbele kwa dereva, baba na dada nyuma juu ya magunia. Baba alikuwa mtu wa kujali kanzu yake. Siku ile alishuka mbele ya nyumba yangu mweupe kwa vumbi, akiwa bado ameshika mkono wa dada. Alikuwa hajauachia tangu Muyinga, kwa sababu dada alimwambia akimwachia atasikia wanawake wale wakimwita aruke.

Dada alilazwa hospitalini. Dawa ya kwanza iliwapunguza wale wanawake mpaka wakawa kama watu wanaozungumza nyumba ya pili. Lakini mwili ulikakamaa na mikono ikaanza kutetemeka. Nilimkuta siku moja ukumbini ameshika sindano na uzi alioazima kwa muuguzi, anajaribu kuutia uzi tunduni, unapita kando, anajaribu tena. Hakulia. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, sauti zimepungua. Sasa niombee vidole."

Daktari aliyemtibu alikuwa mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Buraza, aliyesoma nje miaka mingi akarudi. Alibadilisha dawa, akapunguza hapa, akaongeza pale, kwa subira ambayo sijaiona kwa watu wengi. Kutetemeka kukapungua. Dada alipopata nafuu ya kukaa na kusikiliza, daktari alituita ofisini: dada, mama na mimi. Alituambia jina la ugonjwa, skizofrenia, akaliandika kwenye karatasi ili mama alione lilivyo. Kisha akatuachia nafasi ya kuuliza.

Mama ndiye aliyeanza. Nilijua kwamba alikuwa amekaa na swali lile tangu Muyinga, kwa jinsi alivyokuwa akizungusha pete kidoleni.

"Dogiteri, mimba yake nilibeba na homa. Homa kali, nilikuwa naona nyumba inazunguka. Ni mi nilimpatia hii?"

Daktari alivuta kiti chake akakizungusha upande wetu wa meza.

"Mama, hapana mtu anaweza kuchukua ugonjwa wa mtu mmoja na kusema, iko hii homa. Homa ya mimba inaweza kuwa na sehemu yake, ndogo. Lakini wamama wangapi hapa Burundi walipata homa na mimba? Watoto wao wako wazima. Iko vitu vingi vinakutana."

"Vitu gani?" dada akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema pale ndani.

Nilichokisikia mchana ule nimekieleza tena mara nyingi, kwa hiyo nitakiweka hapa kwa maneno yangu. Daktari alituambia kwamba watu waliosoma ugonjwa huu walichunguza jeni za wagonjwa wengi sana na kuzilinganisha na za watu wasiougua, wakitafuta zinapotofautiana. Zilitofautiana katika sehemu nyingi, kila sehemu ikiongeza hatari kidogo tu. Lakini moja ya sehemu zilizojitokeza wazi kuliko nyingine haikuwa mahali walipozoea kutafuta mambo ya akili. Ilikuwa mahali palipojaa jeni za kinga ya mwili, zile zile zinazowasaidia askari wa damu kumtambua mgeni na kumtia alama ili aliwe.

Mimi nafundisha sura hiyo kila mwaka. Nachora chembe nyeupe ubaoni, nachora kijidudu, nachora alama zinazobandikwa juu ya kijidudu ili chembe nyeupe imwone. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba alama hizo zina kazi nyingine kichwani.

"Nani hapa anajua kahawa?" daktari akauliza.

Mama aliinua macho. Yeye alizaliwa Buhinyuza, kwenye shamba la kahawa, kabla hajaolewa mjini.

"Mti wa kahawa mnaacha na matawi yote?"

"Hapana. Unapogoa. Usipopogoa haizai vizuri."

"Voilà, ndivyo. Ubongo wa kijana nao inapogolewa. Mtoto anazaliwa, anakua, seli za ubongo zinajiunga kwa njia nyingi kupita kiasi. Kisha, miaka ya ujana, mwili unakata zile hazitumiki. Na ile alama ya kinga, ile inasema 'hiki kiliwe', inatumika pale pia. Watu wengine wamezaliwa na namna ya jeni ile inafanya alama nyingi zaidi. Kwa hiyo wanasayansi wanafikiri, kwa wengine, mkono wa kupogoa unakuwa mzito."

"Unakata hata tawi la kuzaa," mama akasema taratibu.

"Inawezekana hivyo. Nasema inawezekana, mama. Kazi hiyo bado inaendelea, na watu waliochunguzwa wengi wao si wa huku. Damu ya watu kama sisi bado haijasomwa vya kutosha."

Dada alikuwa ameinama akitazama mikono yake. "Donc, basi, kinga yangu iko naniumiza, ao iko nanilinda?"

Daktari alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyependa swali. "Inaweza kuwa vyote viwili. Jeni hizi hazikuja kwa ajili ya ugonjwa. Ziko ndani yetu kwa sababu ya kupigana na vijidudu. Na wengi sana wenye namna hiyo wanaishi mpaka uzee bila kusikia sauti hata moja."

"Na mi niko nayo?"

"Sijui. Hapana kipimo cha damu cha kukuambia. Hata ningekupima jeni zote, nisingeweza kusema huyu atagonjwa, huyu hatagonjwa. Ninachojua ni ninachokiona: we uko mgonjwa, na dawa inakusaidia."

Nilimwuliza swali langu mwenyewe, kuhusu sisi ndugu na watoto wetu, kwa sababu nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza na mkono ulikuwa tumboni bila mimi kujua. Alinijibu bila kunizungusha. Ndugu wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine, watoto wa ndugu hao ndogo zaidi, alisema, na hata hivyo wengi wao hawaugui kamwe. Nilipenda jinsi alivyosema "sijui" mahali pa kusema sijui. Nimekaa na wasomi wengi. Neno hilo huwa linawakwama kooni.

Tulipotoka, mama alisimama uani akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya mkekani. Dada akamshika bega. "Mama, umesikia. Hukunipatia ugonjwa. Labda ulinipatia askari wengi tu." Mama akacheka na machozi yake.

Dada alikaa kwangu Gitega kipindi kirefu baada ya kuruhusiwa. Kila siku, nikirudi shuleni, nilimkuta anafanya kazi moja: alichukua mifuko ya karatasi ya saruji, akachora mistari kwa kalamu, mistari iliyonyooka kwanza, kisha ya kupinda, kisha miduara, na kuishona kwa mkono juu ya mistari ile. Mwanzo sindano ilitoka nje ya mstari kama mlevi njiani. Aliifumua, akaanza tena. Hakukosa dawa. Ilimnenepesha, ilimpa usingizi mzito, na nilimsikia akinung'unika juu ya hayo, lakini kila baada ya kula alijimiminia maji akameza. Siku aliposhona duara bila kutoka nje hata kidogo, aliniwekea karatasi ile kwenye sahani yangu badala ya chakula. Nilikuwa na njaa, lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kwenye sahani.

Akarudi Muyinga. Yule bibi aliyeacha furushi lake alikuja siku hiyo hiyo kuulizia gauni.

Kilichobaki kilikuwa cherehani, iliyolala kwenye sanduku vipande vipande. Baba akamwita fundi wa vyerehani kutoka Butihinda, kijana aliyekulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi na kurudi na baba yake mkubwa aliyemlea. Alikuja kwa baiskeli, akamwaga vipande kwenye gazeti.

"Nani aliyeifungua hivi?" akauliza.

"Mimi," dada akamjibu. "Nilikuwa mgonjwa. Nilisikia watu wanaongea ndani, nikawatafuta."

Mama, aliyekuwa mlangoni, aliniambia alitamani dada asingesema. Lakini fundi aligeuza skrubu moja mkononi, akaitazama. "Umeifungua vizuri," akasema. "Hakuna hata moja iliyokatika kichwa. Mafundi wengine wanaojiita wazima huniletea zimekatika."

Cherehani ile ilihitaji kurekebishwa mara nyingi mno baada ya hapo. Kila wiki mkanda umelegea, kila wiki mafuta yameisha. Baba akaanza kutabasamu kabla baiskeli haijaegemezwa.

Posa ilipopangwa nilitoka Gitega na mwanangu mgongoni. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Tulisikia kila kitu. Baba mkubwa wa kijana alikuwa mkulima, mfupi, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kimenyooka kuliko chetu. Alikuja na ndugu wengine wa ukoo wao. Salamu zikapita, chai ikapita. Kisha akasema:

"Mzee mwenzangu, utaniwia radhi. Nitauliza jambo ambalo ni bora niulize leo kuliko kesho. Tumesikia binti aliwahi kuugua akili. Ningependa kujua, je, ugonjwa huo umo katika damu yenu?"

Baba akakohoa. "Aliugua, ndiyo," akasema. "Ilikuwa malaria, ikampanda kichwani. Ilikwisha."

Nilimtazama dada. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe, la kijani, na mtandio mweupe. Alimgeukia mama akasema polepole, "Mama, naomba ruhusa." Mama akaitikia kwa kichwa.

Dada akasogeza pazia akaingia kwa wanaume. Kwetu si kawaida. Aliketi mkekani karibu na mlango, macho chini, akaomba radhi kwa baba, kisha kwa wageni.

"Baba hataki niaibike, ndiyo sababu amesema vile," alisema. "Lakini haikuwa malaria. Iko ugonjwa unaitwa skizofrenia. Nilisikia sauti za watu wasiokuwepo, nikaziamini. Nilifumua nguo za watu. Sasa nakunywa dawa, na nitakunywa labda maisha yangu yote. Ugonjwa unaweza kurudi. Nikiona nakosa usingizi na kuanza kuogopa watu, narudi kwa dogiteri mapema."

"Na damu?" mzee akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Kuna sehemu iko ya damu, ndiyo. Si jeni moja, ni nyingi, kidogo kidogo, na baadhi yake ni zile za kulinda mwili na magonjwa. Kila mtu iko nazo kwa namna yake. Hapana anayeweza kusoma damu yangu akajua."

"Na watoto wako?"

"Wengi wa watoto wa watu kama mimi wanakuwa wazima. Lakini siwezi kukuahidi, baba. Hata wewe huwezi kuniahidi damu ya kwenu."

Mtu mmoja kati ya wageni aliguna. Nilishika pazia. Mwanangu aliamka mgongoni, nikamtikisa asilie. Kijana fundi, tuliyekuwa tukimwona upande wa kisogo tu, hakuinua kichwa, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka kabisa.

"Hilo ni kweli," mzee akasema mwishowe. "Siwezi kukuahidi." Akamaliza chai yake, akaomba waende wakazungumze nyumbani.

Walipoondoka baba aliketi na kanzu yake nzuri, amekunja mikono. Hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa mtu aliyeogopa. "Umefunga mlango wako mwenyewe, mwanangu."

"Baba, ningeingia kwa uongo, ningeogopa kila siku kumeza dawa mbele ya mume wangu," dada akamjibu. Kisha akaenda kubadilisha nguo, akaketi kwenye cherehani, kwa sababu kulikuwa na sare za shule za kumaliza.

Nilirudi Gitega na picha hiyo: dada yangu anakanyaga cherehani, uso umetulia, baada ya kuweka maisha yake mezani mbele ya watu asiowajua. Nimewahi kusikia watu wakisifiwa kwa ushujaa wa vita na wa siasa. Sioni ni upi ulio mkubwa kuliko ule wa mkekani.

Kimya cha ukoo wa kijana kilidumu mpaka mama akaacha kukitaja. Kijana mwenyewe hakuacha kuja na baiskeli yake, lakini alikuwa haongei juu ya jambo lile, na dada hakumwuliza. Mpaka siku moja alasiri yule mzee akaja naye, amekaa nyuma ya baiskeli, na mkungu wa ndizi mapajani. Hakuja na ndugu wengine. Alimwomba baba amwite mama pia.

"Nilirudi nyumbani nikajiuliza, siku ile ni nani kati yetu aliyesema kweli yote," alisema. "Mimi nilikuwa nimeficha mambo yangu, ndugu zangu wameficha yao, na wewe mzee mwenzangu ulijaribu kuficha. Yule binti peke yake hakuficha. Nimelea kijana huyu bila baba wala mama. Nataka akae na mtu atakayemwambia kweli." Kisha akamgeukia mama. "Nifundishe. Dawa anameza wakati gani? Na ukiona nini, ndipo unaogopa?"

Mama alimweleza mpaka chai ikapoa: usingizi, kimya kile kibaya, kukaa na mgongo ukutani, kutenga nyuzi wakati hakuna kazi ya nyuzi. Mzee alirudia kila kimoja kama mtu anayejifunza sala.

Wakaoana. Dada alipotaka mtoto alikwenda kwanza Gitega na mumewe kuzungumza na daktari juu ya dawa, nini kibaki na nini kibadilishwe, na mimba ile ilitunzwa na sisi sote kama taa kwenye upepo. Binti akazaliwa mzima. Lakini wiki chache baadaye wale wanawake wakarudi. Mumewe ndiye aliyeona. Alimkuta mchana anatenga nyuzi, na mtoto analia pembeni. Hakubishana naye. Alimwambia, "Tunakwenda Gitega, mama mtoto. Unikumbushe njiani ulivyoniambia siku ile ya skrubu." Akamfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe, na watu wa mtaa wakamwona mwanaume anapita hivyo mpaka kituoni.

Dada akalazwa tena. Mimi nilikuwa nanyonyesha mwanangu wa pili, kwa hiyo nilimchukua binti yake nikawanyonyesha wote wawili, huyu kushoto, yule kulia, mpaka mama yake alipotoka. Kwa dini yetu watoto wale sasa ni ndugu wa kunyonya. Siku nilipomrudishia mtoto, dada alimnusa shingoni muda mrefu. Akasema, "Amenenepa. Umemlisha vizuri." Halafu akaniuliza kama nimepumzika.

Daktari alimwambia dada kurudi kwa ugonjwa si kushindwa, na dada aliliamini neno hilo kuliko sisi. Nilidhani atavunjika. Alichofanya ni kuomba ruhusa ya kuja kuzungumza na akina mama wengine siku za kliniki, pale Muyinga, wanapokuja kuchukua dawa za watoto wao. Anakaa nao benchi moja, mtandio kichwani, anawaeleza ile habari ya kupogoa kahawa, na anasisitiza maneno ambayo wahubiri wengi wangeyaruka: inawezekana, labda, bado haijulikani. Aliniambia siku moja kwamba watu humshukuru zaidi kwa "labda" kuliko kwa dawa. Mtu aliyejiona amelaani kizazi chake, akisikia labda, anapumua.

Mimi pia nimebadilisha sura ile ya kinga darasani. Nikishachora alama juu ya kijidudu, naongeza kichwa cha mtu pembeni, nawaambia wanafunzi kwamba kazi ya alama hizo haiishii kwenye vidonda na homa. Mwanafunzi mmoja msichana aliniuliza, "Madamu, basi mtu anaweza kuugua kichwa kwa sababu mwili wake unajua sana kujilinda?" Nikamwambia hilo ni swali ambalo wanasayansi wanalifanyia kazi, na kwamba nitafurahi akilisoma mbele zaidi. Alikaa akaandika, na kipindi kilipokwisha alibaki akichora.

Likizo iliyopita nilikwenda Muyinga. Mvua ilikuwa inanyesha, kibaraza kimejaa maji pembeni, na dada alikuwa anabishana na mteja juu ya mkono wa gauni. Mteja alitaka uwe mpana kama wa mwigizaji fulani aliyemwona kwenye simu. Dada alimwambia mabega yake hayataki mkono ule, na asipoamini aende kwa fundi mwingine. Mteja akakaa. Shemeji alikuwa chini ya meza anabadilisha mkanda wa cherehani, na binti yao anamwangazia kwa tochi ya simu huku akimwelekeza vibaya.

Tulipobaki wawili, dada aliniambia kwamba mwezi ule alimsikia tena mmoja wao, yule wa sauti ya kukwaruza, kwa mbali, kwa siku kadhaa. Alikwisha kumwambia mumewe na daktari, dawa ikaongezwa kidogo. "Safari hii alikuwa nasema mambo ya bure tu," alisema. "Nikamwacha aseme." Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia jirani.

Kisha akanitolea gauni alilonishonea, la kitenge cha bluu, lenye kola iliyosimama. Nikalivaa. Lilinikaa vizuri kila mahali, ila kola niliiona ndefu, nikamwomba aipunguze. Akanizunguka mara moja, akanitazama mabega, akasema hapana.

"Ni gauni langu," nikamwambia.

"Ni kola yangu," akasema, na akarudi kwenye sare zake.